Laxton: kijiji cha Uingereza ambako ngwe bado zinakaguliwa

Mwishoni mwa Novemba, mvua ikiwa imeshaulainisha udongo mzito wa Nottinghamshire, watu kumi na wawili wa kijiji cha Laxton hupanda tela linalokokotwa na trekta, wakaelekea shambani. Hawaendi kulima. Ngano ilishapandwa na imeanza kuchipua. Wanakwenda kukagua mipaka, na wamebeba vigingi na nyundo. Kwenye kila ngwe wanaangalia kama plau ya mtu imevuka ikaila njia, kama mtaro umezibuliwa, kama mkulima hajamega udongo wa jirani yake. Mpaka ukiwa haueleweki, kigingi kinapigwa. Likionekana kosa, jina la mwenye ngwe linaandikwa. Kazi ikiisha wanarudi kijijini kwenye baa iitwayo Dovecote Inn, wanakula, kisha wanakaa kupanga faini.

Wiki moja baadaye baraza linaketi. Jina lake la kale ni Court Leet, mahakama ya kikabaila ya zama za kati, na Laxton ndiko mahali pekee Uingereza ambako baraza la namna hii bado linasimamia mfumo kamili wa mashamba ya wazi yanayolimwa kwa zamu. Anayeongoza kikao ni wakili anayemwakilisha mwenye milki. Majina yanasomwa, faini zinatangazwa, jopo la wakaguzi kumi na wawili wa mwaka ujao linaapishwa. Faini zenyewe ni pauni chache tu, na asiyefika barazani bila udhuru hutozwa pensi za kuhesabu kwa vidole. Hakuna aliyefilisika kwa faini ya Laxton. Kinachouma ni kusomewa jina mbele ya majirani ambao wameiona ngwe yako kwa macho yao.

Kisa cha Laxton husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya hekima ya wazee iliyoshinda wakati. Sikubaliani na usimulizi huo. Nikizifuata nyaraka za umiliki wake, naona kijiji kilichookoka kwa bahati, halafu kikalindwa na wenye ardhi, na mara mbili au tatu katika miaka sabini iliyopita mila yake ilining'inia kwenye saini ya mtu asiyekaa hapo.

Kwanza tuyaone mashamba. Yako matatu makubwa: South Field, Mill Field na West Field. Hayana ua ndani yake. Kila moja limekatwa ngwe nyembamba ndefu, na mkulima mmoja ana ngwe zake hapa na pale katika mashamba yote matatu, zikiwa zimechanganyika na za wenzake. Shamba moja mwaka huu lina ngano ya majira ya baridi. La pili linapandwa mazao ya machipuko, kama shayiri, maharage au njegere. La tatu linapumzishwa. Mwakani zamu inasogea. Kwa hiyo hakuna anayeamua peke yake apande nini kwenye ngwe yake, kwa sababu ngwe ya mtu mmoja haiwezi kupumzika huku za pande zote mbili zikilimwa, wala huwezi kupeleka mifugo kwenye mabua wakati ngano ya jirani bado imesimama.

Kutawanya ngwe kulikuwa na mantiki yake. Udongo haufanani. Kuna mteremko unaokausha maji na kuna bonde linalotuamisha, na aliyepewa kipande kimoja tu angekuwa amecheza kamari. Mwenye ngwe ishirini mahali ishirini anakula mema na mabaya pamoja na wenzake. Urefu wa ngwe nao ulitokana na maksai: umbali ambao jozi za ng'ombe zingeweza kuvuta plau kwenye udongo wa mfinyanzi kabla ya kupumua na kugeuza.

Katikati ya mashamba hayo kuna vibonde na kingo za majani zisizolimika, ambazo wenyeji wanaziita sykes. Kila mwaka, mwanzoni mwa kiangazi, haki ya kufyeka majani hayo inapigwa mnada, na wanaoruhusiwa kupandisha bei ni wale tu ambao nyumba zao zina haki ya kale katika ardhi ya pamoja. Fedha inagawanywa miongoni mwao. Kwa kuwa majani hayo hayajawahi kulimwa, maua ya porini yaliyokwisha kutoweka sehemu nyingine za wilaya bado yanachanua humo, na serikali imeyatambua kuwa eneo lenye umuhimu wa kisayansi.

Sasa swali la utawala. Laxton, pamoja na kitongoji cha Moorhouse, ni parishi. Kwa msomaji wa Uganda neno hilo si geni, maana kwao parishi, au muluka, ni ngazi iliyo juu ya kijiji na chini ya kaunti ndogo. Kwa Mkenya au Mtanzania parokia ni jambo la kanisa, na asili yake Uingereza ilikuwa hiyohiyo: eneo la padri mmoja, kanisa moja na zaka moja. Kanisa la Laxton ni la Mtakatifu Mikaeli. Lakini kufikia sheria ya maskini ya mwaka 1601, parishi ilikuwa imebebeshwa kazi za dunia pia. Wakuu wa kaya waliokutana kanisani walichagua waangalizi wa maskini, wakatoza kodi ya kuwalisha wajane na wagonjwa, na wakahakikisha barabara zinapitika. Mkutano wao uliitwa vestri, kutokana na chumba cha mavazi ya ibada walimokaa.

Kwa hiyo kwa karne kadhaa kijiji kilikuwa na vikao viwili, na mara nyingi watu walewale waliketi katika vyote. Vestri ilishika maskini na barabara. Court Leet ilishika mashamba, mifugo iliyopotea na mipaka. Hata leo kuna mtu anayeteuliwa kuwa mkamata mifugo wa kijiji, na boma la kufungia ng'ombe waliokamatwa wakizurura limekarabatiwa, liko karibu na baa. Sijui ng'ombe wa mwisho kufungiwa humo alikuwa wa nani, na sidhani mtu anapigania kazi hiyo.

Serikali kuu iliinyofoa vestri kipande kwa kipande. Mwaka 1834 maskini waliondolewa mikononi mwa parishi moja moja, wakawekwa chini ya miungano ya parishi yenye nyumba za maskini zilizokusudiwa kutisha ili mtu asikimbilie msaada. Kielelezo kimojawapo cha sheria hiyo kilikuwa jirani tu, mji wa Southwell, ambako mchungaji John Becher alikuwa amesimamia ujenzi wa nyumba ya namna hiyo mwaka 1824. Jengo bado lipo, na leo wageni wanalipa kiingilio kuliona. Kisha sheria ya mwaka 1894 ikaitenganisha kabisa parishi ya kiraia na ya kanisa. Parishi za vijijini zenye watu 300 au zaidi zikatakiwa kuwa na halmashauri ya kuchaguliwa, na wanawake wakaruhusiwa kupiga kura na kugombea, zaidi ya miaka ishirini kabla hawajaruhusiwa kuchagua wabunge.

England leo ina halmashauri za parishi zinazokaribia 10,000. Juu ya Laxton kuna halmashauri ya wilaya ya Newark na Sherwood, yenye mambo ya vibali vya ujenzi na uzoaji taka, na juu yake tena halmashauri ya kaunti ya Nottinghamshire, yenye barabara na shule. Halmashauri ya parishi, iliyo karibu zaidi na mwananchi, ndiyo yenye mamlaka finyu kuliko zote: njia za miguu, vibanda vya basi, mbao za matangazo, na haki ya kutoa maoni juu ya maombi ya ujenzi ambayo wilaya yaweza kuyasikiliza au kuyapuuza. Inaruhusiwa kuomba nyongeza ndogo juu ya kodi ya majengo kwa matumizi yake. Ukiziweka ngazi hizi zote kwenye mchoro, Court Leet haina kisanduku. Haikuchaguliwa na wapiga kura. Sheria ya Usimamizi wa Haki ya mwaka 1977 ilizivua mahakama kongwe za aina hiyo uwezo wa kuhukumu kesi za kawaida, ikaziacha ziendelee tu na shughuli za desturi. Lakini ukitaka kujua nani ataamua kama umelima kupita mpaka wako Laxton, si diwani. Ni wale kumi na wawili wa kwenye tela.

Ilikuwaje mfumo uliokuwa umetapakaa kote katikati ya England ukabaki hapa? Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua mashamba ya wazi na ardhi ya pamoja, jumla ya ekari milioni 6.8. Utaratibu ulikuwa mmoja: makamishna wanapima, ngwe zilizotawanyika zinakusanywa, kila mwenye haki anapewa kipande kimoja, ua unapandwa. Mwenye ardhi nyingi aliweza kupandisha kodi ya pango. Mwenye haki ndogo ya kulisha ng'ombe mmoja alipewa kajisehemu kasichotosha hata gharama ya ua, akakauza, akawa kibarua.

Laxton haikugoma wala kuandamana. Umiliki wake ulikuwa na mgawanyiko usiorahisisha mpango huo: familia ya Pierrepont, ambayo mkuu wake baadaye alichukua cheo cha Earl Manvers, ilikuwa na sehemu kubwa, Earl of Scarbrough alikuwa na nyingine, na katikati yao kulikuwa na wenye vipande vidogo vyao wenyewe. Kuzungushia ua kulihitaji makubaliano na fedha nyingi. Ulipofika wakati ambapo familia moja ilishika karibu kila kitu, bei za nafaka zilianguka katika miaka ya 1870, na hapakuwa na kabaila mwenye akili timamu ambaye angemwaga fedha kuupanga upya udongo mzito wa ngano. Hata hivyo si kwamba hakuna kilichoguswa. Sehemu za parishi zilizungushiwa ua kwa makubaliano nyakati mbalimbali, na mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe nyingi ziliunganishwa ziwe pana zaidi. Kinachoitwa mfumo wa zama za kati leo ni masalia yaliyopunguzwa, chini ya ekari 500.

Tunajua kilichopunguzwa kwa sababu kuna ramani. Mwaka 1635 mpima ardhi Mark Pierce aliichora parishi nzima, ngwe kwa ngwe, zaidi ya 2,000, na kitabu cha orodha kikaeleza kila moja ni ya nani. Ramani hiyo iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Wamechorwa humo pia watu: wanaolima, wanaovuna, wanaowinda. Aliyeiagiza ni Sir William Courten, na hapa naomba kuchepuka kidogo, kwa sababu huyu hakuwa bwana shamba wa kijijini. Alikuwa mfanyabiashara wa London, mtoto wa wakimbizi kutoka Flanders. Fedha yake ndiyo iliyogharimia walowezi wa kwanza wa Kiingereza kisiwani Barbados mwaka 1627. Na mwaka uleule wa ramani, 1635, mfalme Charles wa Kwanza aliwapa yeye na washirika wake idhini ya kufanya biashara mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, yaani kwenye bahari yetu hii. Courten alifariki mwaka 1636. Kampuni iliyobeba jina lake ilikuja kujaribu kuanzisha koloni Madagascar katika miaka ya 1640, ikashindwa vibaya. Madeni yakaitafuna milki, na Laxton ikaingia mikononi mwa akina Pierrepont. Kwa hiyo hati tunayoitegemea kujua namna wakulima wadogo wa England walivyogawana ardhi ilitengenezwa na mwekezaji aliyetaka kujua amenunua nini.

Mwaka 1952 ndio kiini cha kisa hiki. Earl Manvers wa sita, wa mwisho wa cheo hicho, aliiuza Laxton kwa Wizara ya Kilimo. Aliona kwamba ardhi ikiuzwa vipande vipande, mfumo hautapona mwaka mmoja. Wizara ikainunua ikiwa na nia ya kuuhifadhi. Fikiria: wizara ambayo kazi yake ilikuwa kuongeza tija, baada ya vita, chakula kikiwa bado cha mgawo, inakuwa kabaila wa ngwe zilizotawanyika na inamteua mtu wa kuongoza Court Leet.

Sasa weka tarehe nyingine kando ya hiyo. Oktoba 1952 utawala wa Kiingereza ulitangaza hali ya hatari Kenya. Mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la ofisa wa kilimo Roger Swynnerton, na moja ya nguzo zake ilikuwa kwamba vipande vya ardhi vya Waafrika vilivyotawanyika ni adui wa maendeleo: vikusanywe, vipimwe, vipewe hati ya mtu mmoja mmoja. Jimbo la Kati kazi hiyo ilifanyika kwa kasi wakati maelfu ya wanaume wako kizuizini, na wapo waliotoka wakakuta ardhi imeshagawanywa bila wao. Simaanishi kwamba ofisa mmoja ndiye aliyetia saini zote mbili. Wizara ya Kilimo na Ofisi ya Makoloni zilikuwa nyumba mbili tofauti. Lakini serikali ilikuwa moja, miaka ileile. Huko Nottinghamshire kutawanyika kwa vipande kulikuwa urithi wa kununuliwa na kutunzwa. Huko Nyeri na Kiambu kulikuwa kasoro ya kurekebishwa, na hoja zilizotumika dhidi yake, muda unaopotea kutembea kutoka kipande hadi kipande, mipaka inayokula ardhi, ugumu wa kuleta mashine, ndizo zilezile ambazo watetezi wa ua walikuwa wamezitoa England miaka mia mbili kabla.

Wizara nayo ilichoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilitaka kupunguza mali zake, na kukawa na hofu kwamba Laxton itauzwa kwa mnunuzi yeyote. Mwaka 1981 ilichukuliwa na Crown Estate, taasisi inayosimamia ardhi za Taji, ikaahidi kuuendeleza mfumo. Mwaka 2018 Crown Estate nayo ikatangaza kuuza. Mwaka 2020 mnunuzi akapatikana: milki ya Thoresby, ya warithi wa familia ya Pierrepont. Baada ya miaka 68 ardhi ikairudia familia ya aliyeiuza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu Court Leet kama demokrasia ya wakulima. Katika mauzo yote hayo, baraza halikuwa na kura. Wakulima walio wengi ni wapangaji, na ngwe zao zimo ndani ya mikataba yao ya upangaji. Anayechukua shamba Laxton anachukua na ngwe, zamu na baraza kwa pamoja. Mwenye milki akiamua siku moja kuandika mikataba ya namna nyingine, sioni jopo la kumi na wawili likimzuia kwa vigingi na nyundo. Halmashauri ya parishi ingeandika barua. Wilaya ingesema kilimo si suala la kibali cha ujenzi. Mila hii ina nguvu kubwa sana baina ya mkulima na mkulima, na haina karibu nguvu yoyote kwenda juu.

Wala sisemi kwamba haifanyi kazi. Katika lile inaloliweza, inafanya vizuri kuliko chombo chochote cha kisasa ninachokijua. Mgogoro wa mpaka ambao kwetu ungekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ukapanda baraza la kata, ukaishia mahakama ya ardhi miaka sita baadaye na mawakili wawili, Laxton unamalizwa kwa asubuhi moja, na waamuzi wakiwa wamesimama juu ya ardhi yenyewe. Siri yake, kama ni siri, ni kwamba ukaguzi haungoji malalamiko. Jopo linakuja kila mwaka, ugomvi uwepo usiwepo, kwa hiyo futi moja iliyomegwa haipati muda wa kugeuka kuwa mita tano na uadui wa ukoo.

Tatizo linaloonekana sasa ni la hesabu. Mashine zimekua, mashamba ya kupanga yameunganishwa kila mzee anapostaafu, na ngwe zilizokuwa maelfu hazifiki mia mbili. Jopo linahitaji watu kumi na wawili wanaojua kuusoma mpaka kwenye mfuo, katika kijiji ambacho wakazi wake wengi hawalimi. Wenye ngwe wamekuwa wachache kiasi kwamba aliyemwandikia jirani faini Novemba hii atakaguliwa na jirani huyohuyo Novemba ijayo, kwenye shamba linalofuata kwa zamu.